Shuka kwanza ndo upige: maongezi kuhusu picha za madaraja, reli na barabara

Haya jamani habari za jioni, mlio mlangoni ingieni tu viti vipo huku mbele, hakuna anayeng'ata. Nimeombwa niongee kuhusu picha za safari, nikawaambia walionialika kwamba mimi picha za machweo ufukweni siziwezi, za watu wanaorukaruka na mikono juu pia siziwezi, ninachoweza ni madaraja, reli na barabara, wakasema sawa basi ongea hizo hizo. Kwa hiyo kama kuna aliyekuja kwa ajili ya mapozi ya harusi, ndugu yangu pole, ila kaa tu huenda ukaokota kitu.

Nina neno moja la kusema, mengine yote ni matawi yake. Ukitaka kupiga picha ya daraja, toka darajani. Ukitaka reli, toka relini. Barabara hivo hivo, shuka pembeni, panda kilima, nenda ng'ambo, fanya unavyojua lakini usipige kitu ambacho umekikanyaga. Najua linasikika kama jambo dogo, ila hebu fungueni simu zenu sasa hivi mtafute picha ya mwisho ya daraja mliyopiga. Wengi mtakuta lami, ukingo wa chuma, kipande cha mto huko chini na mgongo wa mtu aliyekuwa anapita. Daraja lenyewe halimo! Ni kama kumpiga picha punda ukiwa umempanda, unaambulia masikio mawili.

Sasa kwa nini nasisitiza mahali pa kusimama badala ya kamera? Kwa sababu hivi vitu vitatu, daraja, reli na barabara, vyote ni vya kubeba na kupeleka. Sio mapambo. Kila chuma na kila jiwe pale lina kazi, na ukisimama vibaya kazi yake haionekani, unabaki na umbo tu, na maumbo yanafanana dunia nzima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni daraja la Forth kule Scotland, lile jekundu la treni lililofunguliwa mwaka 1890. Lilijengwa wakati watu wana hofu kwelikweli, maana Desemba 1879 daraja la Tay, ambalo wala haliko mbali na hapo, lilianguka usiku kwenye dhoruba treni ikiwa juu yake na hakuna aliyetoka hai. Kwa hiyo mainjinia wake, John Fowler na Benjamin Baker, walikuwa na kazi mbili, kulijenga na kuwafanya watu waliamini. Mwaka 1887 ikapigwa picha moja ya ajabu sana: wanaume wawili wamekaa kwenye viti wamenyoosha mikono, wameshika fimbo zinazoteremka mpaka kwenye viti vyao, katikati yao umening'inia ubao na juu ya ubao kakaa injinia kijana wa Kijapani anaitwa Kaichi Watanabe, alafu huku nje kila upande kuna mzigo wa matofali unaovuta chini ili wale jamaa wasiangukie ndani. Nyuma yao ukutani kuna mchoro wa daraja. Basi. Ukiitazama dakika moja unaelewa kila kitu, mikono inavutwa, fimbo zinasukumwa, na Watanabe kakaa pale katulia kama treni inayopita. Daraja lenyewe halikuwa hata limekamilika, na bado kwangu mimi hiyo ndo picha bora ya daraja kuwahi kupigwa, kwa sababu inakuonesha uzito unapita wapi.

Na hilo ndo swali ninalojiuliza kabla sijainua kamera: uzito unashuka kupitia wapi? Nikishajua hapo nakuwa najua nini kisikatwe kwenye fremu. Daraja la kuning'inia, kama Golden Gate la San Francisco la mwaka 1937, barabara imeshikwa na vyuma vyembamba vinavyopanda kwenye kebo kubwa, kebo inapita juu ya minara miwili alafu inashuka kwenda kuzikwa kwenye zege nchi kavu huku na huku. Watu wanapiga mnara mmoja tu na ukungu, inapendeza sawa, sikatai, ule ukungu wa kiangazi pale ni zawadi, lakini ukipata nafasi ya kurudi nyuma mpaka kebo ionekane inaposhuka kwenye mwamba, picha inakuwa na maana nyingine kabisa, unaona kumbe daraja linavutwa kutoka nchi kavu. Umbali kati ya ile minara ni mita 1,280, na hizo mita huzioni kama hujaonesha zinashikiliwa na nini.

Daraja la tao ni kinyume chake, lenyewe linasukuma. Lile la Victoria Falls linalounganisha Zambia na Zimbabwe, la mwaka 1905, tao lake linakanyaga kuta za mwamba za korongo pande zote mbili, na mto uko kama mita 128 chini. Picha ambayo imekata miguu ya tao imekata daraja. Nimeziona nyingi sana, chuma kizuri, upinde wa mvua kwenye moshi wa maji, kila kitu, halafu hujui kimeegemea wapi, kama kimeshushwa na kamba kutoka mbinguni. Ni lazima mwamba uwemo! Ule mwamba ni nusu ya daraja.

Na yale ya nguzo ndefu, mwalimu wangu ni Millau kule Ufaransa, lililofunguliwa Desemba 2004, injinia Michel Virlogeux na msanifu Norman Foster. Kutoka chini mpaka ncha ya mlingoti mrefu ni mita 343. Watu wengi hawajui kwamba barabara ya pale juu haijanyooka, imepinda kidogo sana, na ule mpindo unamwezesha dereva anayekuja aone daraja lililoko mbele yake badala ya kuona mlolongo wa nguzo zinazofichana. Yaani wajenzi wenyewe walishafikiria macho ya mtu anayepita. Sasa wewe ukiwa ndani ya gari unapita unapiga kupitia kioo cha mbele unapata huo mpindo kidogo, lakini nguzo, ambazo ndo maajabu yenyewe, ziko chini yako huzioni hata moja. Shuka bondeni kwa mto Tarn. Tafuta barabara ya zamani, hii ni siri ya bure kabisa nawapa: karibu kila daraja jipya kubwa lilijengwa kuchukua nafasi ya njia ya zamani iliyokuwa inazungukazunguka, na ile njia ya zamani mara nyingi bado ipo, haina magari, na ndo yenye mwonekano.

Sipotezi muda kwenye mambo ya saa za mwanga kwa sababu mmeshayasikia kila mahali, asubuhi mapema na jioni, sawa. Ila kwa madaraja ongezeni kitu kimoja, jua lije kutoka ubavuni, kwa sababu vyuma vya daraja vimepangwa kwa kina, kuna vya mbele na vya nyuma, na jua likiwa mgongoni kwako vyote vinabandikana vinakuwa karatasi moja. Na kama mnapiga usiku kwa shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi, ya sekunde 15 au 30 ili taa za magari zichore mistari, stendi isiwe juu ya daraja. Daraja linatikisika, liwe la zege liwe la chuma, lori likipita unalisikia miguuni na kamera inalisikia zaidi yako, alafu unarudi nyumbani unalaumu lenzi.

Sasa hapa kwenye lenzi niseme jambo linaloniudhi kidogo, mnivumilie. Kuna daraja Japani linaitwa Eshima Ohashi, limekamilika 2004, linaunganisha mji wa Matsue na Sakaiminato. Bila shaka mmeshaliona, ile picha inayozunguka mitandaoni, barabara inapanda kama ukuta, magari yanaonekana kama yanapanda ngazi, na maandishi ya kutisha "je wewe ungethubutu kuendesha hapa". Mteremko wake halisi upande ule mkali ni asilimia 6.1. Asilimia 6! Yaani ukienda mita 100 unapanda mita 6 na kidogo, gari lolote linapanda bila hata kunung'unika. Limeinuliwa ili meli zipite chini, hakuna kingine. Kinachotokea ni mpigaji amesimama mbali sana, akalikabili uso kwa uso, akavuta kwa lenzi ndefu, na ukifanya hivo umbali wote unasinyaa, sehemu ya mbele na ya nyuma zinakaribiana, kinachobaki ni kimo. Wanorway nao wana daraja la Storseisundet kwenye ile barabara ya Atlantiki iliyofunguliwa 1989, ukilitazama kutoka kona fulani unaona barabara inaishia hewani, gari litarukia baharini, kumbe limepinda tu kuelekea upande.

Je ni uongo? Mimi sisemi ni uongo, mbinu ni halali na mimi mwenyewe naitumia sana, lenzi ndefu kwenye barabara yenye mawimbi ya vilima ni raha tupu. Nachosema, ukiipiga hiyo piga na nyingine ya ubavuni, uziweke pamoja. Mtu aone ujanja na aone ukweli. Kwanza ukiziweka mbili ile ya kwanza inakuwa tamu zaidi, maana mtazamaji anaanza kujiuliza ilikuwaje, na picha inayomfanya mtu ajiulize inakaa kichwani kuliko inayomtisha sekunde mbili akapita.

Haya twende relini. Hapa sina mchezo.

Ile picha ya mtu kakaa katikati ya reli, vyuma viwili vya reli vinakimbia kwenda mbali vinakutana kwenye nukta moja, mkono kashika kofia, jamani ile picha imeua watu na inaendelea kuua. Treni ya mizigo ndefu ikiwa kwenye mwendo wa kama kilomita 90 kwa saa, dereva akipiga breki za dharura sasa hivi, inasimama baada ya zaidi ya kilomita moja na nusu. Hana usukani. Hana pa kukupisha. Na msijidanganye kwamba mtaisikia, treni za siku hizi sauti yake inamwagika pembeni na nyuma zaidi kuliko mbele, anayeisikia vizuri ni yule aliyesimama pembeni ambaye wala hahitaji kuisikia. Tena macho nayo yanadanganya, kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja kwako kinaonekana kinakwenda polepole, na ukikitazama kupitia lenzi pana kinaonekana kiko mbali kuliko kilipo. Kwa hiyo una masikio yanayodanganya, macho yanayodanganya na lenzi inayodanganya, vyote kwa pamoja. Alafu behewa ni pana kuliko reli, linatokeza karibu mita moja kila upande, hivo hata aliyesema "mimi nimesimama pembeni tu" inategemea pembeni gani. Na pale kwenye nyaya za umeme juu, mara nyingi ni volti 25,000, huo umeme hausubiri uguse, unaruka, kwa hiyo fimbo ya selfi kwenye daraja linalopita juu ya reli ni kuomba matatizo.

Uingereza walikarabati kile kichwa cha treni maarufu cha mvuke, Flying Scotsman, kilichotengenezwa 1923, na Februari 2016 ikawa safari yake ya kwanza ya kurudi kazini kutoka London kwenda York. Watu wakajaa njiani na kamera, mpaka wakaingia relini, treni ikalazimika kusimama. Yaani kila mtu alikuja kuipiga picha treni inakimbia, na kwa sababu ya picha haikukimbia.

Na picha zenyewe za katikati ya reli, tuseme ukweli, ni mbaya. Zimefanana zote. Treni nzuri inapigwa kwenye kona, ukiwa nje ya uzio, umeinuka kidogo, kwa sababu kwenye kona treni inajionesha yote, kichwa na mabehewa yanayofuata, unaona urefu, unaona inavuta. Kuna daraja la Landwasser Uswisi, la mwaka 1902, matao sita ya mawe, kimo mita 65, na limepinda kama mundu, likimaliza tu treni inaingia kwenye handaki lililotobolewa kwenye ukuta wa mlima, hakuna hata hatua ya kupumzika katikati. Treni ni nyekundu, mawe ya kijivu, msitu kijani. Sasa pale kuna njia ya miguu kutoka stesheni ya Filisur inayokupeleka mpaka sehemu za kutazamia, chini na juu, na sijaona picha hata moja ya juu ya reli inayofikia zile za kwenye zile sehemu. Ukiwa kwenye njia ya wenye miguu, usalama na uzuri viko sehemu moja, na hii siyo bahati ya pale tu, iko hivo karibu kila mahali.

Halafu kuna bwana mmoja Mmarekani aliitwa O. Winston Link. Kuanzia 1955 mpaka 1960 alikuwa anafuata treni za mwisho za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western, akapiga nyingi usiku. Usiku! Kwa nini? Kwa sababu jua huwezi kulihamisha na reli huwezi kuihamisha, hivo akaamua mwanga auweke yeye. Alikuwa anafika mapema, anafunga taa za flashi kwenye miti, kwenye kuta za nyumba, anatandaza nyaya, zote ziwake kwa wakati mmoja, na treni ikipita anabonyeza mara moja tu. Mara moja! Balbu za flashi za wakati ule zikishawaka zimekwisha, hakuna "rudia". Na kwenye picha zake treni mara nyingi iko nyuma, mbele kuna watu wanaendelea na maisha yao, wanaogelea, wanaongea barazani, wako kwenye magari wanatazama sinema. Huyo ndo alinifundisha kwamba reli ni jirani wa watu kabla ya kuwa mashine. Na alikubaliana na kampuni yenyewe, hakuvizia.

Sasa mtasema, wewe unatuambia tushuke, na mtu yuko safarini kwenye treni au basi, halisimami anapotaka yeye. Kweli kabisa. Ukiwa ndani basi kubali uko ndani, usijifanye uko nje. Kaa mabehewa ya nyuma, upande wa ndani wa kona kubwa unazozijua kwenye njia hiyo, ramani utaiangalia kabla, ukiwa upande huo treni ikipinda unakiona kichwa cha treni mbele yako na mabehewa yote, hapo ndo unakuwa nje ukiwa ndani. Bandika lenzi karibu na kioo kabisa ila isigusane nacho sana maana kioo kinatetemeka, vaa nguo nyeusi, nyeupe inajiona kwenye kioo, na flashi zima zima zima, inarudi usoni kwako. Kuhusu kasi ya shata fanyeni hesabu ndogo: kwenye kilomita 100 kwa saa unasogea karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo kwa shata ya 1/60 ya sekunde wewe umeshasogea karibu nusu mita picha ikiwa bado inachukuliwa, lakini kwa 1/1000 umesogea sentimita kama tatu. Milima ya mbali haijali, ila nguzo na majani ya karibu yanakuwa uji. Wengine wanaupenda ule uji, unaonesha mwendo, mi naupenda pia ikiwa ni wa makusudi.

Na wale wa simu mnaoshangaa kwa nini nguzo za umeme zimelala upande kwenye picha zenu, simu haijaharibika. Kitambuzi chake kinasoma picha mstari kwa mstari toka juu kwenda chini, kikifika chini nguzo imeshasogea. Hivo hivo yale maandishi ya taa mbele ya treni yanayotaja inakokwenda, mnaona yanatoka nusu nusu, taa zile zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho, punguza kasi ya shata ifike 1/125 au chini kidogo utayasoma yote.

Barabara nitapita haraka kwa sababu ndo rahisi na ndo inayochosha upesi. Barabara iliyonyooka inaenda kwenye upeo, tumeziona, Dorothea Lange alishaipiga New Mexico mwaka 1938 kipindi watu wanahama wakielekea magharibi kutafuta kazi, na yake inauma kwa sababu unajua nani anapita pale na kwa nini, haiumi kwa sababu ya mstari. Kwa hiyo usirudie mstari, tafuta mpitaji. Au nenda kwenye milima, kule Stelvio Italia upande wa kaskazini una kona kali 48 kupanda mpaka mita 2,757, na ukiwa juu unatazama chini unaona barabara inavyobishana na mlima, mlima unakataa barabara inazunguka, unakataa tena inazunguka tena. Hapo barabara ina hoja. Na jamani, gari liegeshwe mahali pa kuegesha, siyo kwenye kona eti dakika moja tu.

Kuna jambo la watu nataka nilikazie, maana kwenye hizi picha zetu tunasubiri watu wapite watoke kwenye fremu. Tarehe 10 Mei 1869 Marekani waliunganisha reli ya kutoka mashariki na ya kutoka magharibi pale Promontory, Utah, mpiga picha Andrew Russell akapiga ile picha maarufu, vichwa viwili vya treni vimekutana, watu wamejipanga wanapeana mikono, chupa zimenyanyuliwa. Wachina waliojenga upande wa magharibi, maelfu na maelfu yao, waliochimba mahandaki kwenye milima ya theluji, ukiitafuta ile picha karibu huwaoni kabisa. Sherehe ipo, kazi haipo. Linganisha na Eugene de Salignac, yeye alikuwa mwajiriwa tu wa idara ya madaraja ya jiji la New York, kazi yake kupiga kumbukumbu za ofisi. Oktoba 1914 akawapiga mafundi wa rangi wamejipanga kwenye kebo za daraja la Brooklyn, wametawanyika kwenye zile nyaya juu kabisa, wamekaa kwa raha zao. Picha ya ofisi! Na leo ukiiona unalijua daraja na waliolitunza kwa pamoja, na kimo unakipata bila kuambiwa mita ngapi. Mtu kwenye fremu ndo kipimo. Ukiomba ruhusa kwa fundi anayepaka rangi au anayekaza bolti mara nyingi anakubali, tena anakuambia mambo ambayo hakuna kibao kimeandika. Akikataa, kakataa.

Na ruhusa ndo nimalizie nayo kabla ya maswali. Nchi nyingi tu zinahesabu madaraja, stesheni na vivuko kuwa sehemu nyeti, nyingine zinakataza wazi na zina kibao cha kamera iliyopigwa mstari, nyingine hazina kibao ila zina askari. Usibishane na askari kwa sheria uliyoisoma kwenye basi. Soma kabla hujasafiri, na ukifika uliza kwa meneja wa stesheni, sentensi moja tu. Uingereza kwa mfano stesheni nyingi ukipiga kwa matumizi yako hakuna shida, ila flashi hapana, inampofusha dereva. Novemba 2001 kule Kalamata, Ugiriki, walikamatwa watu 14 wapenzi wa kutazama ndege za kijeshi, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, waliokwenda kwenye maonesho ya jeshi la anga wakiwa na madaftari ya kuandika namba za ndege, wakashtakiwa kwa ujasusi, wakahukumiwa Aprili 2002, na rufaa ikawaachia Novemba mwaka huo huo. Mwaka mzima kwa sababu ya daftari. Ni ndege siyo treni, najua, ila sisi wa reli tuna madaftari yale yale, namba za vichwa, saa za kupita, na mtu asiyejua huu ugonjwa wetu akikuona umesimama mwisho wa jukwaa unaandika na una lenzi ndefu, mwelewe.

Haya maswali. Yule kaka pale mwenye begi.

Anauliza, daraja limeshapigwa na watu mamilioni, kuna haja gani yeye apige tena? Swali zuri sana. Kaka yangu, Tacoma Narrows, Marekani, lilifunguliwa Julai 1940 na Novemba 7 mwaka huo huo upepo ukalisokota mpaka likaanguka majini. Miezi minne. Barney Elliott, aliyekuwa na duka la kamera pale mjini, akakimbia na kamera ya filamu akalipiga linavyojikunja, na mainjinia wamejifunza kwenye ule mkanda mpaka leo. Na tamu zaidi, baadaye ikagundulika mkanda ulikuwa unaoneshwa haraka kuliko ulivyopigwa, hivo kwa miaka watu waliona daraja linatikisika kwa kasi kuliko ilivyokuwa kweli. Lile la Morandi kule Genoa lilisimama tangu 1967 likaanguka Agosti 2018, likaua watu 43. Francis Scott Key kule Baltimore liligongwa na meli Machi 2024. Watu walipita kila siku wakaona litakuwepo tu. Kwa hiyo piga, na ukipiga andika: tarehe, jina la mto, umesimama upande gani unatazama wapi. Simu inaweka tarehe yenyewe ila haijui kwamba umesimama ukingo wa kushoto chini ya nguzo ya tatu. Na piga ile picha ya kuchosha pia, ya ubavuni, yote toka mwisho hadi mwisho, hata kama huiweki popote.

Dada kule nyuma? Droni. Anasema si rahisi kurusha droni tu badala ya kuteremka mabondeni? Rahisi ndiyo, dada yangu, lakini nchi nyingi droni inataka usajili au kibali, na juu ya reli au magari yanayotembea mara nyingi imekatazwa kabisa, ikizima angani inaangukia kwenye kioo cha mtu. Kingine, droni inakupandisha juu, na kutoka juu daraja ni mstari, nguzo zinafupika, uzito huoni unashukaje. Kama una kibali na una nafasi, ishushe iwe usawa wa barabara ya daraja au chini yake, pembeni mbali kabisa, usiipeleke juu. Na betri ikibaki robo irudishe, maana upepo wa bondeni wakati wa kurudi ni mwingine.